Shamba Kubwa Limelala, Mbuzi Wadogo Waamke

Ndugu msomaji, shamba kubwa likifa, je, udongo nao umekufa?

Twende kwanza Kiliba, karibu na Uvira, katika bonde la Ruzizi. Pale kulikuwa na kiwanda cha sukari na mashamba makubwa ya miwa. Mwaka 1996, vita ilipofika, mashine zilinyamaza na mishahara ikakoma. Watu hawakukaa kuangalia kiwanda tu. Walishika jembe, wakalima mihogo na mahindi mahali pa miwa.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Katika visiwa vya Karibi sukari ilitoka katika jasho la watumwa, na wengi wao walivushwa bahari kutoka pwani ya Kongo. Waingereza walikomesha utumwa huko mwaka 1834, na uhuru kamili ukaja 1838. Baadaye mashamba mengi makubwa yalianguka. Jamaa zilizopata uhuru zilitafuta kipande kidogo cha udongo, zikalima chakula chao na kufuga mbuzi. Kule Jamaica nyama ya mbuzi ni chakula cha karamu mpaka leo.

Na sisi wa Likasi? Tarehe 30 Novemba 1973 Serikali ilitangaza kutwaa mashamba na maduka ya wageni na kuyagawia wananchi. Mashamba mengi yakageuka pori. Halafu, miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi Gécamines kwa mapatano. Feza ilitoka mara moja, na kwa wengi iliisha mara moja.

Mtu atasema: «Papa, mbuzi ine itanisaidia nini? Afazali mutoto aende kuchimba.» Ngoja tuhesabu pamoja. Mbuzi jike anabeba mimba miezi 5, na mara nyingi anazaa mapacha. Tuseme una majike 4 na dume 1. Wakizaa wawili wawili, ni watoto 8. Toa 2 watakaokufa, wanabaki 6. Uza madume, chunga majike. Feza ile haitakufanya tajiri. Lakini ikilipia masomo ya mtoto, ni mtoto mmoja asiyeshuka shimoni.

Basi, kama uko na kipande cha shamba la zamani, shika mambo haya matatu.

Kwanza, karatasi. Kwa sheria ya 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali. Wewe unapewa haki ya kuutumia. Neno la chifu ni zuri, lakini fika pia ofisi ya kadastre kabla ya kupiga nguzo ya kwanza. Pori lililolala linaweza kuwa na mwenyewe.

Pili, nyumba. Jenga kizimba cha miti kilichoinuka juu ya udongo, chenye paa lisilovuja. Mvua yetu ni ndefu, na mbuzi hapendi unyevu: unamletea kikohozi na kuoza kwato. Mavi yanayoanguka chini uyakusanye, uyapeleke kwenye mahindi. Njo vile udongo uliochoka unarudisha nguvu.

Tatu, chakula. Usifunge mbuzi karibu na malundo ya takataka za madini, wala usimnyweshe maji yanayotoka viwandani. Majani ya mihogo michungu yanyauke vizuri kwanza, kwani mabichi yana sumu. Na usimwache azurure. Mbuzi mmoja akila shamba la jirani, ujirani wa miaka mingi unavunjika.

Ninyi vijana, msingoje kampani kubwa irudi ndipo muanze. Kaeni na wazazi jioni moja, baada ya bukari, mpange: nani atakata majani, nani atachota maji, na mbuzi wa kwanza atanunuliwa kwa feza gani. Jamaa ikikosa kupatana katika hayo matatu, hata mbuzi 100 hawatafika mwaka.