Rusizi: Kijana anapoomba chuo kikuu, mzazi asikae pembeni

Matokeo ya mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari yanapotangazwa na NESA, shangwe katika familia za Rusizi huchukua siku mbili tatu. Baada yake huanza kipindi kifupi kisichopigiwa vigelegele: kipindi cha kuomba nafasi ya chuo. Ni majuma machache tu, lakini ndiyo yanayoamua kijana atasoma nini, atasomea wapi, kwa fedha ya nani, na atabaki na deni gani akishahitimu.

Katika mitaa ya Kamembe na tarafa ya Bugarama, ambako Kiswahili kimekuwa kwa miaka mingi lugha ya soko, ya msikiti na ya nyumbani kwa familia nyingi, kipindi hicho mara nyingi humkuta mzazi amekaa pembeni. Sababu zake zinaeleweka. Fomu hujazwa kwenye intaneti, tena kwa Kiingereza. Mzazi alisoma kwa Kifaransa, kabla ya serikali kuamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Au alisomea ng'ambo ya mto, Bukavu. Au hakujaliwa kufika mbali shuleni. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, lakini hadhi hiyo bado haijafika kwenye fomu za vyuo. Basi mzazi hutoa nauli na pesa ya mtandao, kisha humwambia mwanawe: nenda ukajaze.

Hapo ndipo kosa linapoanza, kwa maana mambo mazito yaliyomo katika fomu hiyo si ya Kiingereza wala ya kompyuta. Ni mambo ya familia: jina la mtoto, uwezo wa nyumba, deni, umbali na mpaka. Kijana wa miaka 18 anaweza kubonyeza vitufe vyote kwa ustadi na bado akafanya peke yake uamuzi ambao hata watu wazima wangeukalia kikao.

Jina moja, herufi tofauti

Jambo la kwanza ni jina, na kwa familia za Waswahili wa Rusizi si jambo dogo. Jina lile lile huandikwa Ramadhani kwa desturi ya Tanzania, Ramazani kwa desturi ya Kongo, na Ramadhan kwa anayefuata Kiarabu. Hussein huweza kuwa Huseni, na Saidi akawa Said. Mtoto anaweza kuandikwa kwa namna moja katika kitabu cha kuzaliwa, kwa namna nyingine shuleni, na kwa namna ya tatu katika kitambulisho cha taifa ambacho Mnyarwanda huanza kukipata akiwa na umri wa miaka 16.

Maadamu kijana yuko kijijini, tofauti hiyo haimsumbui mtu. Kila mmoja anamjua ni mtoto wa nani. Mfumo wa kompyuta haumjui. Huo hulinganisha herufi kwa herufi, na jina lisilofanana linaweza kuchelewesha nafasi, mkopo au cheti. Kusahihisha jina ni kazi ya ofisi za serikali za mitaa na huduma za Irembo, na huchukua muda ambao hautoshi pale dirisha la maombi likishafunguliwa. Hapa mzazi hahitaji Kiingereza hata neno moja. Anahitaji kutandika mezani karatasi zote za mtoto, mwaka mzima kabla ya mtihani, na kusoma jina lake katika kila moja.

Kozi huchaguliwa mapema

Jambo la pili ni kozi. Wazazi wengi hudhani uchaguzi hufanyika matokeo yakitoka. Kwa kweli sehemu kubwa ya uchaguzi ilikwisha kufanyika miaka mitatu nyuma, mtoto alipoingia mwaka wa nne wa sekondari. Vyuo hutazama alama za jumla, na pia hutazama masomo makuu aliyofaulu na kama yanalingana na kozi anayoiomba. Aliyesoma historia, jiografia na fasihi hawezi kugeuka ghafla akaomba udaktari, hata awe wa kwanza wilayani.

Kwa walio na watoto wadogo zaidi kuna jipya la kufuatilia. Kuanzia mwaka wa masomo 2025/2026, michepuo mingi ya zamani imekusanywa katika njia tatu kuu: hisabati na sayansi, sanaa na masomo ya jamii, na lugha. Wanaoingia katika utaratibu huo watafika mlangoni mwa vyuo baada ya miaka mitatu. Swali la kumuuliza mwalimu leo, katika Shule ya Gihundwe au nyingine yoyote, ni hili: njia hii anayopewa mtoto inafungua kozi zipi, na inafunga zipi?

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na kuna wazazi wanaoitumia methali hiyo kumhimiza kijana aandike kozi yoyote ilimradi apate nafasi. Methali hiyo haifai hapa. Kozi iliyoandikwa kujaza nafasi kwenye fomu ndiyo inayoweza kutolewa, na kuibadilisha baadaye si rahisi. Kila kozi inayoandikwa iwe ni ile ambayo familia iko tayari kuisikia ikitajwa siku ya majibu.

Umbali nao ni sehemu ya kozi. Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha vyuo vya umma, kimetawanyika nchi nzima. Kilimo hufundishwa Busogo, wilayani Musanze. Tiba ya mifugo iko Nyagatare. Ualimu uko Rukara, wilayani Kayonza. Kutoka Rusizi, Nyagatare ni kona ya pili ya nchi. Safari ya basi hadi Kigali peke yake, kupitia msitu wa Nyungwe, hula karibu siku nzima ya kazi. Anayechagua kozi bila kuuliza inafundishwa wapi amechagua nusu tu.

Karibu na nyumbani kuna milango ambayo familia nyingi huisahau. Rwanda Polytechnic, taasisi ya umma ya elimu ya ufundi iliyoanzishwa mwaka 2017, ina chuo chake Karongi, katika Mkoa huu huu wa Magharibi. Kibogora Polytechnic, ambacho ni chuo cha binafsi, kipo wilaya jirani ya Nyamasheke. Elimu ya ufundi bado hudharauliwa barazani kama kimbilio la walioshindwa, ilhali ujenzi na umeme vinaendelea kutafuta mafundi wenye vyeti. Na kijana aliyekulia katika Kiswahili ana mtaji ambao wenzake wengi hawana: lugha hiyo inafundishwa mashuleni na inahitaji walimu.

Kinachoitwa buruse mara nyingi ni deni

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Vijana husema wamepata "buruse", na wazazi hufurahi kana kwamba wamepewa zawadi. Chini ya sheria ya mwaka 2015 kuhusu mikopo na ufadhili wa wanafunzi, wengi wanaosomeshwa na serikali katika vyuo vya umma husomeshwa kwa mkopo. Baraza la Elimu ya Juu, HEC, huhusika na kuamua nani anastahili; Benki ya Maendeleo ya Rwanda, BRD, hutoa fedha na baadaye huzidai. Mhitimu akipata kazi, mwajiri hukata sehemu ya mshahara wake na kuipeleka benki.

Hilo halina ubaya. Bila mkopo huo, maelfu ya watoto wa wakulima na wachuuzi wasingekanyaga chuo kikuu. Lakini mkopo ni mkataba, na mkataba husomwa kabla ya kutiwa sahihi. Kwa familia za Kiislamu, ambazo ni sehemu kubwa ya Waswahili wa Bugarama na Kamembe, lipo pia suala la riba. Wapo wanaouona mkopo kuwa dharura inayoruhusiwa, na wapo wanaosita. Uamuzi huo ni wa dhamiri ya kila nyumba pamoja na masheikhe inaowaamini. Jambo moja tu halina mjadala: swali hilo liulizwe miezi kadhaa kabla. Kijana asiachwe kulibeba peke yake mbele ya kompyuta, siku ya mwisho, foleni ikimsukuma.

Vilevile, nafasi ya chuo na mkopo ni vitu viwili. Kijana anaweza kukubaliwa chuoni na akanyimwa mkopo, au akapata mkopo usiotosha chakula na malazi. Familia iliyokaa mapema na kujibu swali la "tutafanyaje akikosa?" huwa na njia ya pili. Isiyolijibu hujikuta ikiuza kiwanja kwa haraka, au ikimrudisha kijana kwenye biashara ya mpakani "kwa muda", na muda huo huweza kuwa miaka.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi Rusizi kuliko katika wilaya nyingi. Mpaka huleta pesa ya leo. Chuo huahidi pesa ya kesho. Kwa binti huongezeka kazi za nyumbani na maneno ya ndoa. Mwezi mmoja wa kusitasita unatosha dirisha la maombi kufungwa.

Majirani si mlango wa nyuma

Kwa vizazi vilivyopita, chuo cha karibu kwa mtu wa Cyangugu kilikuwa ng'ambo. Bukavu, mji wenye vyuo vikuu vya umma na vya binafsi, huonekana kwa macho kutoka Kamembe, na lugha zake ni Kiswahili na Kifaransa. Kutoka Bugarama, Bujumbura ilikuwa karibu kuliko Kigali. Milango hiyo leo haifunguki kama zamani. Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024, na Bukavu iliingia mikononi mwa AFC/M23 Februari 2025. Shahada ni safari ya miaka mitatu au minne. Anayeanza masomo ng'ambo ya mpaka hana budi kujiuliza ni nini kitatokea ukifungwa katikati ya mwaka wa pili.

Tanzania huwavutia wengi kwa sababu ya lugha, lakini ipo dhana ya kusahihisha. Kiswahili kitamsaidia kijana sokoni na bwenini; darasani, vyuo vikuu vya Tanzania hufundisha zaidi kwa Kiingereza. Cheti chake cha Rwanda nacho kitahitaji kulinganishwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, kabla ya kuomba. Uganda ina Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale, kilichoanzishwa mwaka 1988, ambacho kimewapokea vijana wengi wa eneo hili.

Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza mwaka 2017 kwamba nchi zao ni eneo moja la elimu ya juu. Tangazo hilo limerahisisha njia, ila halikufuta karatasi. Mnyarwanda anayerudi na shahada ya nje bado huhitaji ilinganishwe na HEC, na katika fani kama uuguzi na udaktari lazima pia akubaliwe na baraza la taaluma yake.

Hata ndani ya nchi, chuo huulizwa kitambulisho. Mwaka 2020 serikali ilifunga vyuo vitatu vya binafsi, kikiwemo kile cha Kibungo kilichojulikana kama UNIK, na wanafunzi wao wakalazimika kutafuta pa kumalizia. Bango zuri na punguzo la ada havithibitishi kitu. HEC ndiyo inayojua chuo kipi kina kibali, na kwa kozi zipi.

Mzazi afanye nini?

Msaada unaotakiwa haumlazimu mzazi kujua kutumia kompyuta. Unamtaka awepo. Kijana akiwa mbele ya mashine, iwe nyumbani, shuleni au kwenye kibanda cha intaneti, mzazi aketi kando yake na kumwambia: nisomee hapo kwa Kiswahili, wanauliza nini? Kijana anayeweza kukieleza kipengele kwa lugha ya mama yake amekielewa. Anayeshindwa hajakielewa, na ni heri ijulikane kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho.

Wahudumu wa vibanda na mawakala wa Irembo hufanya kazi muhimu, hasa vijijini. Hata hivyo, kuandika ni kazi yao. Kuchagua si kazi yao. Neno la siri, namba ya simu na barua pepe vinavyoandikwa kwenye fomu viwe vya kijana mwenyewe, kwa sababu ndiko majibu yatakakopelekwa. Namba ya kuazima imewahi kupoteza zaidi ya ujumbe mmoja. Nakala ya fomu ichapishwe na kuhifadhiwa na vyeti vingine vya nyumba.

Mzazi naye asigeuke hakimu. Wapo wanaoketi kando ya mtoto ili kumlazimisha udaktari au sheria kwa heshima ya ukoo. Huko ni kukaa pembeni kwa namna nyingine, kwa sababu anayesoma ni mtoto, na atakayelipa mkopo ni yeye. Kazi ya mzazi ni kuuliza anachokijua kuliko mtoto: gharama, deni, umbali, mpaka, na watu wa kumtegemea huko aendako.

Kwa familia zenye mtoto aliye mwaka wa sita hivi sasa, hatua ya kwanza haihitaji kusubiri matokeo wala intaneti. Ni kutoa sandukuni cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na karatasi za shule, kuviweka pamoja juu ya jamvi, na kuanza na herufi ya kwanza ya jina.