Mambo ya Motokaa: Mtetemeko wa Propela na Jinsi ya Kuutafuta

Wapenzi wa mashindano ya Safari hawajaisahau motokaa iitwayo Datsun 240Z. Ndiyo iliyoshinda katika mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller, na ikashinda tena katika mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Ni motokaa ya Kijapani ya mbio, yenye viti viwili na injini ya silinda sita iliyowekwa mbele, na nguvu yake hupelekwa kwenye magurudumu ya nyuma. Magari ya namna hii yangali yakitunzwa leo katika nchi nyingi, na wenyewe wana lalamiko moja la siku nyingi: gari likifika mwendo fulani, labda kilometa 100 kwa saa, sakafu na viti huanza kutetemeka, na kioo cha kutazamia nyuma hakionyeshi kitu kwa sababu ya kutikisika.

Mara nyingi mambo huendelea hivi. Mwenye gari hununua tairi mpya, na mtetemeko haukomi. Hununua krosi mpya za propela, na mtetemeko haukomi. Baadaye hushawishiwa kununua difu nzima, na fedha zikiisha, gari latetemeka vile vile. Kosa lake ni kwamba alishika spana kabla ya kuuliza maswali. Mganga mwenye akili hampi mgonjwa dawa kabla ya kujua panapouma, na fundi wa motokaa yampasa kufuata desturi hiyo hiyo.

Jinsi nguvu inavyosafiri

Nguvu hutoka katika injini, hupita katika klachi na giaboksi, kisha huchukuliwa na propela, yaani lile bomba refu la chuma lizungukalo chini ya gari, hata kufika kwenye difu. Kutoka hapo shafti mbili fupi za kando huipeleka kwenye magurudumu. Kila mwisho wa propela pana kiungo chenye umbo la msalaba, ambacho mafundi hukiita krosi, nacho huiwezesha propela kuzunguka hata ikiwa imeinama kidogo.

Lakini krosi ina tabia yake. Ikiwa imepinda, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo ulio sawa: huharakisha kidogo na kupunguza kidogo, mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ikiwa digrii 10, mwendo huzidi na kupungua kwa asilimia 1.5 hivi. Pembe ikiwa digrii 3, tofauti hiyo ni ndogo sana. Kwa hivyo propela hufanywa yenye krosi mbili, ili kosa la krosi ya mbele lifutwe na ile ya nyuma. Hayo hayawezekani ila pembe mbili zikiwa sawa, na uma za ncha mbili za propela zikiwa zimeelekea upande mmoja.

Maswali matatu barabarani

Kwanza, je, mtetemeko wafuata injini au wafuata mwendo wa gari? Dereva ashike mwendo ule unaoleta mtetemeko, kisha abadili gia huku mwendo ukibaki ule ule. Ikiwa mtetemeko haukubadilika, ubovu uko nyuma ya giaboksi. Ikiwa umebadilika pamoja na sauti ya injini, heri kutazama injini, klachi, na mipira inayoishikilia injini.

Pili, je, ni wa polepole au ni wa haraka? Kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa, gurudumu la motokaa hii huzunguka karibu mara 14 katika sekunde moja. Katika gari lenye difu ya 3.9 kwa 1, propela huzunguka karibu mara 55 katika muda huo huo. Kwa hivyo gurudumu lisilo sawa hutikisa kama mtu atikisaye meza kwa mkono, na likiwa la mbele usukani hucheza. Propela isiyo sawa huvuma kama nyuki katika mzinga, na dereva huisikia katika makalio na nyayo zake.

Tatu, je, mtetemeko hubadilika mguu ukiondolewa kwenye mafuta? Ukiwapo wakati wa kuvuta tu, na kutoweka gari likiteremka lenyewe, shaka iwe juu ya krosi zilizolika au juu ya mpira unaoshikilia pua ya difu. Ukiendelea vile vile katika hali zote mbili, shaka iwe juu ya uzito usio sawa.

Majaribio haya yafanywe katika barabara iliyonyooka isiyo na watu, na kwa mwendo unaoruhusiwa na sheria.

Kutazama chini ya gari

Gari liegemezwe juu ya vigingi imara. Jeki peke yake isiaminiwe kamwe, na injini iwe imezimwa. Jambo la kwanza ni kuosha. Tope lililokauka ndani ya rimu, au lami iliyoganda juu ya propela, limewahi kuwapotezea watu fedha nyingi. Kisha atazame kama pana alama ya kipande cha uzito kilichobanduka katika propela, na kama bolti nne za nyuma zimekaza.

Baada ya hayo ashike propela kwa mikono miwili na kuipinda huku na huku. Krosi njema haichezi hata kidogo, wala haikwami. Unga mwekundu kama kutu karibu na vikombe vya krosi ni dalili kwamba grisi imekwisha na beringi zinalika. Kisha atazame mpira wa pua ya difu. Ukipasuka, pua ya difu huinuka kila dereva akanyagapo mafuta, pembe ya krosi ya nyuma huharibika, na mara nyingi husikika mlio wa kugonga gari linapoondoka.

Hapa pana mtego. Watu wengine huinua gari, huwasha injini, na kuona mtetemeko mkubwa. Lakini magurudumu ya nyuma ya motokaa hii yakining'inia, shafti za kando huinama sana, na mtetemeko huo huenda usiwepo kabisa barabarani. Tena ni hatari ya kufa kwa mtu aliye chini yake.

Kutengeneza kwa utaratibu

Ianzwe kazi isiyo na gharama. Kabla ya kufungua bolti yo yote, fundi atie alama ya rangi juu ya propela na juu ya flanji ya difu. Kisha afungue, aizungushe propela nusu mzunguko, aifunge tena, na gari lijaribiwe. Huenda uzito uliozidi wa propela ukaangukia upande uliopungua wa flanji, na taabu ikapungua bila ya kununua kitu.

Krosi zikiwa zimelika, zibadilishwe, nazo ziwekwe katikati barabara kwa vile vibanio vidogo vya unene mbalimbali. Krosi mpya iliyokaa kombo huleta mtetemeko kuliko ile kuukuu.

Mwisho ni kusawazisha uzito. Jambo hili si la kudharauliwa, kwa maana nguvu ya uzito uliozidi hukua upesi kuliko mwendo. Gramu 10 tu zikizidi upande mmoja, umbali wa milimita 35 kutoka katikati, kwa mizunguko 3,000 kwa dakika huvuta kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 3 na nusu. Mizunguko ikiwa 6,000, mzigo huo huwa kilo 14. Mwendo umezidi mara mbili, nguvu imezidi mara nne. Karakana yenye mashine ya kazi hiyo ndiyo ifaayo. Isipokuwapo, mafundi wengine hufunga klipu ya mpira wa rejeta juu ya propela, karibu na ncha ya nyuma, na kuihamisha robo kwa robo wakijaribu gari kila mara, hata wakapata mahali palipo na utulivu.

Hata waliolitengeneza gari hili walilazimika kujirekebisha. Katika magari ya kwanza difu ilikaa mbele mno, na shafti za kando zikafanya kazi zikiwa zimeinama daima. Katika mwaka 1971 waliirudisha nyuma kwa milimita 35, ili shafti zinyooke.

Kanuni hizi si za magari ya mbio peke yake. Pikapu ipelekayo maziwa au lori lipelekalo mahindi lina propela na krosi zile zile, na krosi ikikatika barabarani propela huanguka chini na yaweza kupindua gari pamoja na watu. Mtetemeko ni onyo linalotolewa bure, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ajuaye kuuliza kwanza huuziba kwa shilingi chache, na asiyeuliza hujenga ukuta huku ufa ukibaki pale pale.