Chanjo ya mifugo Simiyu: Hesabu iliyo nyuma ya kila dozi

Kampeni ya Kitaifa ya Chanjo na Utambuzi wa Mifugo, iliyozinduliwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, mjini Bariadi mwezi Juni 2025, imeelezwa kwa wananchi kwa lugha ya fedha na dozi. Serikali inachangia nusu ya gharama ya chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe na ya sotoka ya mbuzi na kondoo, na inabeba gharama yote ya chanjo ya kuku wa asili. Bajeti iliyotangazwa ni shilingi bilioni 216 kwa miaka mitano. Ni takwimu muhimu, lakini hazijibu swali ambalo mfugaji wa Kata ya Ipililo, wilayani Maswa, analiuliza kwanza: gari la chanjo litafika lini kwetu, na kwa nini limeanzia kule?

Swali hilo lina wataalamu wake, nao si madaktari wa mifugo peke yao. Kuna tawi la hisabati linaloshughulika na uamuzi bora pale rasilimali zinapokuwa chache kuliko mahitaji. Afrika Mashariki imekuwa na wanahisabati waliotumia maisha yao ya kazi katika tawi hilo na majirani zake, na mmojawapo, Profesa Livingstone Luboobi wa Uganda, alifariki dunia mwaka 2025, mwaka uleule kampeni ya Simiyu ilipoanza. Sehemu ya kazi zake za miaka ya mwisho, zilizofanyika Arusha pamoja na watafiti wa Kitanzania, inagusa moja kwa moja mambo ambayo maofisa mifugo wa Simiyu wanayakabili leo.

Luboobi alizaliwa mwaka 1944. Alisoma hisabati Makerere wakati chuo hicho kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kisha akaenda Toronto, Canada, kwa shahada ya uzamili katika utafiti wa uendeshaji, yaani hisabati ya kupanga kazi, watu, magari na fedha ili matokeo yawe makubwa kwa gharama ndogo. Shahada ya uzamivu aliifanya Adelaide, Australia, katika hisabati ya viumbe hai. Mchanganyiko huo wa kupanga rasilimali upande mmoja na kufuatilia ukuaji wa viumbe na maradhi upande wa pili ndio ulioitofautisha kazi yake. Aliiongoza Makerere akiwa Makamu Mkuu wa Chuo kuanzia mwaka 2004 hadi 2009. Baada ya hapo alirejea kwenye utafiti na malezi ya wanafunzi, ikiwemo katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela jijini Arusha, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011. Wapo viongozi wengi wa vyuo ambao utawala huwatenga na ubao wa kufundishia moja kwa moja; yeye aliurudia akiwa na umri ambao wengi huutumia kupumzika.

Hisabati yenyewe ina historia ndefu. Mwaka 1696 Johann Bernoulli aliwatupia wanahisabati wa Ulaya changamoto: kitu kinachoteremka kwa uzito wake kutoka nukta moja hadi nyingine kifuate njia ya umbo gani ili kifike haraka zaidi? Jibu si mstari ulionyooka. Changamoto hiyo ilichochea hisabati ya variesheni, ambayo hulinganisha njia nzima na njia nyingine zilizo karibu nayo ili kuipata iliyo bora. Karne mbili na nusu baadaye, Lev Pontryagin wa Moscow, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na umri wa miaka 14, alitoa pamoja na wenzake kanuni inayoonesha jinsi ya kuongoza mfumo unaobadilika kwa wakati kwa namna iliyo bora, hata pale ambapo nguvu ya kuuongoza ina ukomo. R. Tyrrell Rockafellar na Roger Wets walikusanya sehemu kubwa ya nadharia mpya katika kitabu chao cha mwaka 1998 kuhusu uchanganuzi wa variesheni, fani inayokabili hali zisizo laini: pale bei inaporuka ghafla, pale ghala linapofika mwisho, pale sheria inapokataza jambo moja kwa moja. Maisha ya mfugaji yamejaa hali za namna hiyo. Lambo hukauka, mnada hufungwa, jokofu la chanjo huzimika.

Mwaka 2020 Luboobi, akiwa na Nkuba Nyerere, Saul Mpeshe na Gabriel Shirima, alichapisha utafiti uliotumia kanuni ya Pontryagin kwa ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela, unaoshambulia ng'ombe, mbuzi na kondoo na kumfikia binadamu kupitia maziwa mabichi au kumshika mnyama mgonjwa wakati wa kuzaa. Watafiti waliweka njia nne mezani: kuchanja mifugo, kuwaondoa taratibu kwa kuwachinja wanyama waliothibitika kuwa na maambukizi, kusafisha mazingira, na kuwakinga watu wanaowahudumia wanyama. Waliipa kila njia gharama yake, kisha wakauliza ni mchanganyiko upi unaopunguza maradhi na matumizi kwa pamoja. Walibaini kwamba njia zote nne zikitumika kwa pamoja zina matokeo makubwa zaidi kwa gharama ya chini. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Mpeshe na Luboobi walikuwa miongoni mwa waandishi wa utafiti kuhusu athari za mabadiliko ya tabianchi kwa homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa ulioiletea Tanzania mlipuko mkubwa mwaka 2006 na 2007.

Matokeo ya mwaka 2020 yanastahili kusomwa kwa makini na halmashauri. Chanjo ikisimama peke yake ni njia moja kati ya nne. Ofisa anayeripoti idadi ya ng'ombe waliochanjwa anaripoti jambo la kweli, ila halitoshi kuonesha kama maradhi yanashuka. Ni kweli kwamba brusela si ugonjwa unaolengwa na ruzuku ya sasa, lakini mantiki ni ileile kwa homa ya mapafu na kwa sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo mashirika ya kimataifa ya chakula na afya ya wanyama yamekusudia kuitokomeza duniani ifikapo mwaka 2030. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kutokomezwa mwaka 2011, kwa hiyo lengo hilo lina mfano wa kuliunga mkono.

Mahali ambapo hesabu na hisia za wananchi hugongana zaidi ni kwenye ugawaji. Chukua mfano wa kufikirika wa kata mbili, kila moja ikiwa na ng'ombe 5,000, na dozi zilizopo ni 6,000. Tuseme ng'ombe mmoja mgonjwa huambukiza wanne kwa wastani. Katika hali hiyo, ugonjwa huanza kurudi nyuma pale robo tatu ya kundi inapokuwa na kinga, yaani ng'ombe 3,750 katika kila kata. Haki ya kawaida ingesema kila kata ipewe dozi 3,000. Lakini mgawo huo unaziacha kata zote mbili kwenye asilimia 60, chini ya kiwango kinachohitajika, na ugonjwa unaendelea kote kuwili. Kata moja ikipewa 3,750 na nyingine 2,250, angalau moja inaponywa.

Je, Ipililo iwe ile ya 2,250? Hapo ndipo hisabati inapohitaji kuongozwa na sera. Kompyuta iliyoagizwa kupunguza gharama tu itakwenda kwanza penye mifugo mingi na barabara nzuri, na kijiji cha mbali kitakuja mwisho kila mwaka bila mtu yeyote kuwa amekusudia kukionea. Mwanahisabati wa uamuzi bora hujibu hoja hii kwa kuongeza sharti: kwa mfano, kata yoyote isikae zaidi ya mwaka mmoja bila kufikiwa. Sharti huongeza gharama au huiacha palepale, kamwe haliipunguzi. Faida yake ni kwamba hesabu hutoa pia bei ya sharti hilo, kiasi ambacho Serikali ingekiokoa kama ingelilegeza kidogo. Leonid Kantorovich wa Urusi, aliyeanza kwa kuombwa kupanga kazi za mashine katika kiwanda cha mbao nyembamba na kuchapisha njia yake mwaka 1939, alionesha maana ya bei za namna hiyo, na mwaka 1975 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. Usawa ukishakuwa na bei inayojulikana, madiwani wanaweza kuujadili kwenye kikao kama wanavyojadili bei ya dizeli.

Mfano wa kata mbili pia umeficha jambo ambalo kila Msukuma anayefuga analijua. Makundi hayakai mahali pamoja. Kiangazi kikianza, mwezi ambao kampeni ilizinduliwa, nyasi huisha na ng'ombe husogezwa kufuata maji na ngitili zilizohifadhiwa. Wengine hupelekwa mnadani na kukutana na mifugo kutoka wilaya tano za mkoa na nje yake. Kata iliyofikia robo tatu leo inaweza kushuka chini ya kiwango hicho mwezi ujao kwa sababu ya makundi yaliyoingia. Ndiyo maana utambuzi wa mifugo kwa hereni, ambao baadhi ya wafugaji wameutazama kwa mashaka wakidhani unahusu kodi tu, ni nusu ya pili ya chanjo. Bila kujua ng'ombe gani amechanjwa na ametoka wapi, hakuna hesabu ya mwendo wa ugonjwa inayoweza kufanyika.

Suala la njia nalo si dogo. Gari linalopaswa kupita vijiji kumi lina mipangilio 3,628,800 ya kuvifuata, na chanjo ya homa ya mapafu ikishachanganywa na maji yake hudumu saa chache tu, kwenye baridi. Kosa la ratiba humaanisha dozi zinazomwagwa wakati ng'ombe wamesimama kwenye josho wakisubiri. Ofisa mifugo mzoefu huipanga safari yake vizuri kwa uzoefu tu, na mara nyingi hukaribia jibu bora. Tatizo huja pale maofisa wa kata kadhaa wanapogombea gari moja na jokofu moja.

Kwa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye watu zaidi ya milioni mbili kwa Sensa ya 2022, wataalamu wa kulifanyia kazi jambo hili hawako mbali. Arusha ina taasisi ambayo Luboobi aliitumikia, Morogoro ina Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo cha kuzalisha chanjo Kibaha. Kinachohitajika kutoka mkoani ni takwimu za kata kwa kata: mifugo iliyopo, iliyochanjwa, dozi zilizoharibika na siku gari lilipofika. Kumbukumbu hizo huandikwa josho kwa josho, katika daftari la ofisa mifugo wa kata, Ipililo ikiwemo, na mfugaji ana haki ya kuuliza zilivyojazwa.