Mchango wa shule: ni hiari au ni ada?

Muhula ukifunguliwa, wazazi wa Lobule kule Koboko na wa Rhino Camp upande wa Arua huulizana swali lile lile: elimu ya msingi si ni bure? Mbona mtoto amerudi na karatasi ya pesa?

Uganda ilianza mpango wa elimu ya msingi kwa wote (UPE) mwaka 1997. Sheria ya Elimu ya 2008 inakataza shule za mpango huo kutoza ada. Inaruhusu mchango wa hiari penye dharura au jambo la haraka, na inasema wazi kwamba mtoto asizuiwe kusoma kwa sababu mzazi hakuchanga. Nayo Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na mwenyeji. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kuna kiwango cha mkimbizi na kiwango cha mwenyeji.

Lakini mwalimu mkuu naye tumsikilize. Serikali huipa shule ruzuku kwa kila mwanafunzi. Kwa miaka kadhaa ilikuwa kama shilingi 10,000 kwa mwaka, baadaye ikapandishwa hadi 20,000. Igawe kwa mihula mitatu: haifiki 7,000. Humo mna chaki, mitihani, na choo kilichobomoka. Chakula cha mchana hakimo, kwa sababu sheria inamwachia mzazi jukumu la kumlisha mtoto. Na mradi wa shirika ukiisha, walimu waliolipwa na mradi huo huondoka, au hubaki wakingoja mchango wenu. Pesa hazitoshi, tusidanganyane.

Shida ni kwamba mifuko ya wazazi nayo imekauka. Mei 2025 WFP ilisimamisha chakula kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda kwa kukosa fedha. Mama aliyekuwa akiuza sehemu ya mgao ili alipe mchango, leo hana cha kuuza. Mkulima mwenyeji naye, mwezi wa pili shule zinapofunguliwa, anaweza kuwa na mihogo shambani lakini hana shilingi mkononi.

Ndiyo maana tunaona kiwango kimoja cha pesa kwa kila mtoto si haki, hata kikipitishwa kwa kura. Debe la mahindi, mzigo wa kuni au siku ya kufyatua matofali vihesabiwe kuwa mchango kamili. Mwenye watoto watano asitozwe mara tano.

Kabla ya kutoa chochote, uliza: mkutano gani wa wazazi ulikubali, na wakimbizi walikuwemo? Muhula uliopita zilikusanywa ngapi, zikafanya nini? Kamati ya shule inapaswa kuwa na majibu. Ukilipa, dai risiti.

Mtoto akirudishwa nyumbani, anza kwa mwalimu mkuu, kisha mwenyekiti wa kamati ya shule. Mkimbizi anaweza kumwendea pia kiongozi wa RWC, na mwenyeji kiongozi wa LC1. Ikishindikana, nendeni pamoja kwa afisa elimu wa wilaya. Wakati mnafuatilia, mtoto arudi darasani.