GUMEGUME, FATAKI NA SOMO LA MAJIMAJI

Katika madarasa mengi Vita vya Majimaji vingali vinafundishwa kana kwamba wazee wetu walishindwa kwa sababu moja tu, ya kuamini maji. Somo hilo lina upungufu, na sehemu ya upungufu wenyewe imo katika kipande kidogo cha chuma kilichokaa ubavuni mwa bunduki.

Lugha yetu imehifadhi habari hii kuliko vitabu vingi vya shule. Tunayo bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Ya gumegume, ambayo jiwe lake hupiga chuma likatoa cheche. Na ya fataki. Zote ni magobore, maana baruti na risasi hushindiliwa kwa mdeki kupitia mdomo wa mtutu. Kinachozitofautisha ni namna ya kuiwasha baruti.

Cheche ya gumegume huangukia baruti iliyo kisahanini, nje ya mtutu. Mvua ikiingia hapo, mwenye bunduki amebaki na rungu. Mwaka 1807 Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa huko Scotland, alipata hataza ya kutumia kemikali inayolipuka kwa kugongwa; baadaye ikatiwa katika kikombe kidogo cha shaba, ndiyo fataki. Jeshi la Uingereza lilipofanya majaribio Woolwich mwaka 1834, kila aina ilifyatuliwa mara 6,000. Gumegume ilikataa mara 922; ya fataki mara 36. Na kuigeuza bunduki ya zamani hakukuhitaji maajabu: kisahani kiliondolewa, chuchu ya chuma yenye tundu ikafungwa penye njia ya moto, na nyundo ikashika mahali pa taya za jiwe. Mtutu ulibaki ule ule.

Sasa msomaji aangalie tarehe. Miaka 56 baadaye, tarehe 2 Julai, 1890, mabeberu walitia sahihi Mkataba wa Brussels. Kwa jina ulikuwa wa kukomesha biashara ya watumwa, wala hatukatai kwamba bunduki zilitumika katika uovu huo. Lakini mkataba huo ulizuia silaha za kisasa zisiwafikie wenyeji katika eneo la Afrika kutoka latitudo ya 20 Kaskazini hadi ya 22 Kusini, ukaacha mlango wazi kwa gumegume na baruti ya kawaida. Yaani Mwafrika aliruhusiwa kununua kile ambacho askari wa Ulaya alikwisha kukitupa! Mafundi wa Liège, bila shaka, hawakulalamika.

Wananchi walioinuka Umatumbi mwezi Julai, 1905, walikuwa na mikuki, mishale na magobore. Huko Mahenge, mwezi Agosti, walipokewa kwa bombomu. Maji yalikuwa yamewaunganisha watu wa makabila mengi, kazi ambayo hakuna bunduki ingeweza kuifanya. Kuiita kazi hiyo ujinga ni kurudia maneno ya Mjerumani.

Tunawataka walimu waifundishe sheria ya Brussels pamoja na habari za Kinjikitile. Nao maofisa wanaokusanya magobore yasiyo na kibali, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2015, wasiwaonee haya majangili. Lakini kabla ya silaha hizo kuteketezwa, chache zilemazwe na kupelekwa katika Makumbusho ya Majimaji, Songea, ili mwanafunzi apaone kwa macho yake pale fundi alipoifunga chuchu.