Karenga naye alipita njia hii

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikakatiza Mpwapwa, ikapumzika Tabora na kwenda kutua Ujiji, imeandikwa mpaka wino ukakauka. Tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Ukifika Kwihara, nje kidogo ya mji wetu wa Tabora, utaonyeshwa tembe alimokaa Dk. Livingstone mwaka 1872 na utasimuliwa habari za pembe za ndovu, watumwa na wapagazi wa Kinyamwezi. Ni habari za kweli, tena chungu, na lazima zisimuliwe. Kinachonikera ni pale simulizi linapokomea. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, wapagazi wakatua mizigo, na kuanzia hapo ni kama njia ile haikupitisha tena kitu ila magunia ya tumbaku na karanga.

Ilipitisha muziki. Na mmoja wa waliopita nao ni marehemu Shem Ibrahim Karenga.

Karenga alikuwa mtu wa Kigoma. Alianzia huko huko ziwani na Lake Tanganyika Jazz, akaja Tabora akawa mwimbaji na mpiga gitaa wa Tabora Jazz, bendi ya mtindo wa Segere Matata, kisha akateremka Dar es Salaam, ambako baadaye aliongoza bendi ya MK Beats. Akafia huko Desemba 2014. Yafuate maisha yake kwenye ramani, utajikuta unafuata Reli ya Kati. Na Reli ya Kati yenyewe, kwa sehemu kubwa, iliifuata njia ya misafara. Mwanamuziki mwenzake, Remmy Ongala, alitokea mbali zaidi, Kindu, kwa Wamanyema wa Kongo, naye akaishia Dar es Salaam. Hata wapagazi wa zamani hawakutembea kimya: mbele yao alikwenda kirangozi, akianzisha wimbo na wenzake wakiitikia. Sioni kwa nini mtalii aambiwe habari za kirangozi asiambiwe za Karenga.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mtoto wa mfanyakazi wa reli. Nimekulia kwenye kota, mahali ambapo treni ya Kigoma ikichelewa hata chakula cha mchana kinachelewa. Nyumbani kwetu tuligawanyika kama Simba na Yanga: mimi na mama Tabora Jazz, kaka yangu na baba Nyanyembe Jazz. Watu wa leo huniuliza kama kweli mji mdogo hivi ulikuwa na bendi mbili kubwa. Ulikuwa nazo, na kabla ya hizo, hata uhuru haujapatikana, ulishakuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro. Mji wa makutano ya reli ulipata wageni kutoka kila upande, na wageni wakishakula hutafuta mahali pa kucheza.

Siku zenyewe zilikuwa za sikukuu: Idd Mosi, Idd Pili, Saba Saba, Krismasi. Sisi wadogo tuliruhusiwa bugi tu, dansi la mchana lisilo na pombe, na kabla ya magharibi uwe umerudi. Maandalizi yalianza asubuhi. Kaka alikuwa na suruali moja ya bugaluu, ya rangi ya kahawia, na aliipiga pasi ya mkaa akiwa ametandika blanketi juu ya meza ya kulia. Kwanza alitoka nje kupepea pasi ili majivu yasije yakaruka juu ya nguo, kisha akalowanisha kitambaa cheupe, akakitandaza juu ya mkunjo na kukandamiza mpaka mvuke unamfunika uso. Mkunjo ukikataa, aliulaumu mkaa. Halafu akavaa viatu vyake vya raizoni, akawa mrefu kuliko baba, jambo ambalo baba hakulipenda. Huko dansini, kabla ya magitaa kulia, kijana mmoja alizunguka na ndoo akinyunyiza maji uwanjani ili vumbi litulie. Lilitulia kwa nyimbo mbili hivi.

Nayaeleza haya kwa sababu mashabiki wa Karenga bado tupo, ila tunakumbuka kila mtu kivyake. Nina rafiki mwenye kaseti za Tabora Jazz alizozirekodi kutoka redioni. Utepe ukikatika, huunga kwa rangi ya kucha ya mkewe. Siku ya habari za msiba wa Karenga aliupiga wimbo wake, “Dada Asha”, tangu mchana hadi usiku, majirani wakafikiri kafiwa na ndugu. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya kudumu tuliyo nayo Tabora: kaseti, kalamu ya Bic ya kurudishia utepe na kichupa cha rangi ya kucha.

Kwingine wamejitahidi kidogo. Remmy ana kituo cha daladala, na kondakta wa Sinza analitaja jina lake kutwa nzima pasipo kulipwa na mtu. Bagamoyo, mwanzo wa njia ile ile, wana tamasha lao la sanaa na utamaduni. Zanzibar wana Sauti za Busara tangu 2004. Tabora tunaletewa matamasha yanayozunguka mikoani. Jukwaa linafungwa, vijana wanaruka usiku kucha, kesho yake malori yameshaondoka. Siyachukii. Lakini sijapata kusikia mtangazaji wake akisema kwamba mji aliosimama ndio ulioipa nchi Segere Matata.

Na redio nazo zina kesi. Wimbo unawekwa katika kipindi cha zilipendwa, unapigwa, unaisha, tunakwenda kwenye matangazo. Mwimbaji hakutajwa, bendi haikutajwa. Kwenye arusi ni balaa zaidi. Muziki wa dansi ulitungwa kwa subira: kwanza maneno, taratibu, watu wakisikiliza kisa, baadaye ndipo magitaa yanachanganya na sakafu inajaa. Di-jei anaukata wimbo pale pale maneno yanapokwisha, wazee tumeshanyanyuka vitini. Tunabaki tumesimama na pochi mikononi.

Wapo watakaosema hili ni deko la wazee. Nawajibu kwa upande wa fedha. Tuna COSOTA na tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Mirabaha inamfuata mwenye wimbo na warithi wake. Wimbo usiotajwa mwenyewe utamlipa nani? Kwa hiyo kumtaja Karenga hewani kuna faida hata kwa asiyempenda Karenga: ndiyo njia ya mtoto wa mwanamuziki kujua kwamba kazi ya baba yake bado inapigwa.

Wengine watasema bendi ni ghali, na hapo wana hoja. Kusafirisha watu kumi na vyombo vyao kutoka Dar es Salaam hadi hapa si mchezo. Ila sidai tamasha la siku nne. Nadai usiku mmoja kwa mwaka, bendi moja inayojua kupiga nyimbo za Tabora Jazz, Nyanyembe na Kiko Kids tangu mwanzo hadi mwisho, na kila wimbo utangulizwe na majina: nani aliutunga, nani aliuimba, nani alipiga solo. Mchana wake liwepo bugi la watoto wa shule. Na pale Kwihara, kipatikane chumba cha picha za bendi zetu, pamoja na kifaa cha kusikilizia, ili mgeni akitoka kwa Livingstone apitie na kwa Karenga.

Siku naichagua Jumamosi ya katikati ya Desemba. Remmy alituacha tarehe 13 Desemba 2010, Karenga Desemba 2014, na huo ndio msimu wa embe, watoto wa mji huu wanarudi likizo na treni zinajaa. Mkurugenzi wa manispaa akitaka kamati, majina ninayo. Kaka yangu amekubali kuingia kwa sharti moja, kwamba Nyanyembe Jazz ndiyo iandikwe juu kabisa kwenye bango. Nimemwambia hilo litajadiliwa kikaoni, na kwamba mwenyekiti nitakuwa mimi.