Tunalaumu Jamaa wa Smokie, Lakini Poloni ya Kiwanda Ndiyo Iliua Watu 216

Tumbo ikiuma mtaani, wa kwanza kulaumiwa ni jamaa wa smokie. Kanjo wanabeba trolley, wasee wanapiga picha, story inaisha hapo. Lakini moja ya story mbaya zaidi za bakteria kwenye chakula Afrika haikutoka kwa trolley. Ilitoka kwa kiwanda kikubwa, chakula kimefungwa fiti, kina lebo, kinauzwa kwa friji ya supamaketi.

Twende Afrika Kusini, 2017. Madaktari walianza kuona watoto wachanga wengi kuliko kawaida wakiugua listeriosisi. Ugonjwa huu unaletwa na bakteria inaitwa Listeria, na hii kitu ni noma kwa sababu mbili. Kwanza, friji haiiwezi. Inazaana hata kwa baridi. Pili, unaweza kula leo na uugue baada ya siku 70. Sasa wewe, unakumbuka ulikula nini miezi miwili iliyopita?

Ndio maana kuuliza wagonjwa maswali pekee hakungetosha. Taasisi yao ya magonjwa ya kuambukiza, NICD, ilichukua bakteria kutoka kwa wagonjwa na kusoma DNA yake yote. Karibu tisa kati ya kila kumi walikuwa na aina moja, ST6. Hiyo ilimaanisha kuna chakula fulani kilikuwa kinamaliza watu. Lakini gani?

Januari 2018, watoto wa nasari moja Soweto walipelekwa hospitali na shida ya tumbo. Maafisa wakaenda kwa hiyo nasari, wakafungua friji, wakapata poloni, ile nyama ya kusagwa inakaa kama soseji kubwa ya kukatwa slesi. Wakafuata hiyo njia hadi kiwanda cha Enterprise mjini Polokwane. Machi 4, 2018, waziri wa afya Aaron Motsoaledi akatangaza kuwa ST6 imepatikana ndani ya hicho kiwanda, na bidhaa zikaondolewa madukani.

Hesabu ya mwisho: wagonjwa 1,060, waliokufa 216. Zaidi ya 400 kati ya hao wagonjwa walikuwa watoto hawajafikisha hata mwezi mmoja, wengi wakiwa wameambukizwa kupitia kwa mama zao.

Sasa turudi hapa kwetu. Swali si kama Kenya iko na chakula chafu. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria mwaka wa 2015 kuwa chakula kibaya kinaua watu 420,000 kwa mwaka duniani, na Afrika ndio inaumia zaidi ukilinganisha na idadi ya watu. Swali ni: kama ingekuwa smokie yetu, nani angejua?

Ukienda kliniki na tumbo, mara nyingi unapewa dawa na unarudi home. Choo hakijapimwa. Bila kupima hakuna bakteria ya kusoma DNA, na bila DNA hakuna kiwanda kitashikwa. Juu ya hiyo, kazi ya kulinda chakula imegawanywa: KEBS wako na yao, wizara za afya na kilimo ziko na zao, kaunti ziko na zao. Kila mtu akishika kipande, ni rahisi mgonjwa kuanguka katikati.

Kwa sasa, jilinde. Smokie na soseji zipikwe mpaka zitoe moshi hadi ndani, si vuguvugu, na kama uko na mimba usicheze na hiyo. Lakini gavana wako akija kuomba kura, usimuulize tu amebeba trolley ngapi. Muulize hospitali ya kaunti inaweza kupima choo cha mtoto wako na kujua ni nini ilimuumiza.